RAV4 ya 3S inachemsha mlimani tu, fundi anataka kufungua hedi

Njoro_Chini (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kabla hedi (kichwa cha injini) haijafunguliwa.

Gari ni RAV4 ya zamani, SXA11, injini 3S-FE, gia otomatiki. Mjini haina shida kabisa. Hata ikikaa kwenye foleni ya Mbuyuni saa nane mchana na AC ikiwa imewashwa, mshale wa joto haupiti katikati. Tatizo ni milima. Himo kwenda Marangu na watu wanne ndani, mshale unaanza kupanda kabla ya kufika. Mto wa Mbu kwenda Karatu, ule mlima wa kwanza tu unatosha. Moshi kwenda Arusha inafika salama bila AC, ila ukiwasha AC inaanza kusumbua kuanzia Maji ya Chai kwenda juu. Ukianza kuteremka, mshale unarudi upesi.

Mambo mengine ya kujua:

Fundi wa kwanza aliondoa thermostat (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji), akasema magari ya huku hayaihitaji. Tangu hapo kwenye tambarare mshale unakaa chini ya katikati na mafuta yanaisha haraka zaidi, lakini mlimani bado inachemsha.

Baada ya kupanda mlima, chupa ya akiba inajaa hadi juu. Asubuhi yake chupa bado imejaa, ila ukifungua rejeta maji yamepungua. Kwa hiyo kila wiki naongeza maji ya bomba.

Oili ni safi, ekzosi haitoi moshi mweupe, na injini inawaka vizuri asubuhi.

Fundi wa sasa anasema gasketi ya hedi (kizibio kati ya hedi na bloku ya injini) imekwisha, ninunue seti nzima na hedi ikasagwe. Je, dalili hizi ni za gasketi kweli? Na kama si gasketi, nianzie wapi?

---

Spana_Kumi (Arusha)

Mkuu, mwambie fundi asubiri. Gasketi haijaondolewa kwenye orodha, ila iko mwisho, na kuna vipimo vya kuifanyia ambavyo havihitaji kufungua hata bolti moja ya hedi.

Kwanza angalia inachemsha wakati gani. Gari likisimama kwenye foleni hakuna upepo wa mwendo, kazi yote inabebwa na feni. Feni ikiwa mbovu gari litachemsha Mbuyuni na litapoa ukishaingia barabara kuu. Lako ni kinyume chake, kwa hiyo feni zinafanya kazi. Mlimani injini inachoma mafuta mengi zaidi na joto linalotakiwa kutolewa ni kubwa mno kuliko la mjini. Rejeta iliyoziba nusu inamudu mjini vizuri tu, na ndiyo maana watu wanakaa nayo mwaka mzima bila kujua. Marangu ndiko inakoumbuka.

Sasa thermostat. Hili ndilo kosa kubwa lililofanyika kwenye gari lako, na linafanyika karibu kila gereji. Thermostat ya 3S ina sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya maji kutoka rejeta. Ya chini, ile ndogo yenye springi, inaziba njia ya mkato ambayo maji ya moto huitumia kurudi kwenye pampu bila kupita rejeta. Injini ikipata moto, sahani ya juu inafunguka na ya chini inaziba, maji yote yanalazimika kupita rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini tu. Tambarare injini inakuwa baridi kupita kiasi, kompyuta inadhani bado haijapata moto na inaongeza petroli (hiyo ndiyo sababu ya mafuta kuisha haraka), na mlimani joto linakosa pa kwenda. Kitabu cha ufundi cha Toyota cha injini hizi kinakataza waziwazi kuiondoa, hata kama injini inachemsha.

Kwa hiyo rudisha thermostat, ya nyuzi 82. Namba hiyo huwa imegongwa kwenye bamba lake. Kabla ya kuifunga ipime hata kama ni mpya: itumbukize kwenye sufuria ya maji, ining'inie kwa uzi isiguse chini, weka jikoni. Inatakiwa ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kwenye nyuzi 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Huku Arusha maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo hata kama huna kipimajoto, maji yakichemka kwa nguvu ujue uko hapo. Isipofikisha, irudishe dukani. Wakati wa kuifunga, kile kitobo chenye kipini kinachocheza kikae juu, hewa ipitie hapo. Raba yake ya pembeni iwe mpya.

Kuhusu gasketi, fanya hivi asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha:

Bonyeza hozi ya juu ya rejeta kabla ya kuwasha. Iwe laini. Washa, subiri dakika moja au mbili, bonyeza tena. Maji bado ni baridi, kwa hiyo hakuna sababu ya hozi kuwa ngumu. Ikiwa ngumu kama tairi, kuna gesi ya silinda inaingia kwenye maji, na hapo fundi wako ana haki.

Zima, fungua mfuniko wa rejeta, jaza hadi shingoni, washa bila mfuniko. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki, usiyajali. Endelea kuongeza maji hadi yatulie. Yakiendelea kutoka mfululizo kwa mpangilio uleule, na yakiongezeka ukikanyaga mafuta, hiyo ni gasketi au ufa.

Toa plagi zote nne uzipange kwa mpangilio wa silinda. Silinda inayokunywa maji, plagi yake huwa safi isivyo kawaida, imeoshwa na mvuke, wakati wenzake wana rangi ya kahawia.

Kipimo cha kumaliza ubishi ni ile dawa ya bluu ya kupima gesi ya moshi. Unaweka kichupa chake kwenye shingo ya rejeta, injini ikiwa na moto, unavuta hewa ipite kwenye dawa. Ikibaki bluu, hakuna gesi. Ikigeuka njano, gasketi imekwisha. Uliza gereji kubwa, si lazima uinunue.

Halafu jambo moja ambalo watu wengi wa huku wanadanganyika nalo. Mwezi wa sita na wa saba, Arusha kukiwa na baridi, ukifungua mfuniko wa oili unaweza kukuta utando mweupe kama maziwa. Kama gari linatembea safari fupi tu, huo ni unyevu wa hewa ulioganda juu, haufiki chini. Vuta kijiti cha kupimia oili. Kama kule ni safi, usimruhusu mtu afungue hedi kwa sababu ya utando wa mfuniko.

---

Usa_River_4x4 (Arusha)

Naongezea kwenye maelezo ya Spana_Kumi, maana kuna dalili moja ambayo hajaigusa na mimi naiona nzito: chupa kujaa halafu maji yasirudi.

Mfuniko wa rejeta una vali mbili. Moja inazuia mgandamizo usitoke hadi ufike kiwango chake. Nyingine, ile ndogo ya katikati, inaruhusu maji yanyonywe kutoka kwenye chupa kurudi ndani injini ikipoa. Kwako maji yanatoka na hayarudi. Ama vali ndogo imeganda, ama raba ya mfuniko imekatika, ama kampira kanachounganisha shingo ya rejeta na chupa kana ufa na kananyonya hewa badala ya maji. Kampira hako angalia pale kanapoingia shingoni, ndipo kanapopasuka. Pia hakikisha ndani ya chupa kanafika chini kabisa. Mara nyingi kanakuwa kamekatika na kuning'inia juu ya maji.

Mgandamizo si jambo dogo kwa sisi tunaoishi kwenye mwinuko. Kwenye mita 1,400 maji ambayo hayana mgandamizo yanachemka kwenye nyuzi 95 kama alivyosema. Injini isiyo na ugonjwa inatembea nyuzi 85 hadi 95 mlimani. Yaani mfuniko ukiwa umekufa, huna akiba yoyote. Mfuniko mzuri wa mgandamizo wa 0.9, ule ulioandikwa 88 kPa, unapandisha kiwango cha kuchemka cha maji matupu hadi nyuzi 116 hivi hapahapa Arusha, na ukiweka kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji kinapanda zaidi. Soma namba ya mfuniko uliopo, nunua wenye namba ileile. Usidanganywe kuchukua wa 1.3 eti ni bora. Rejeta ya miaka ishirini na tano yenye matanki ya plastiki haitavumilia, itapasuka kwenye maungio ya plastiki na alumini.

Maji ya bomba acha kabisa. Maji ya ukanda huu wa Meru yana madini mengi, fluoridi ikiwemo, na ndiyo yanayojenga ule ukoko mweupe kwenye vijia vya rejeta. Yakikosa dawa ya kutu yanakula mapanga ya pampu pia. Tumia maji ya betri, yale yaliyochujwa madini yote. Ila soma lebo vizuri: dukani kuna maji ya betri na kuna asidi ya betri, na vidumu vyake vinafanana. Asidi ikiingia kwenye injini yenye hedi ya alumini hutakuwa na la kuokoa.

Kulanti: nunua ya kopo linaloeleza aina na kiasi cha kuchanganya. Ile nyekundu ya Toyota ni nzito, unaichanganya mwenyewe nusu kwa nusu. Ile ya pinki inakuja imeshachanganywa, usiongeze maji. Vidumu vya kijani vya bei ya soda vingi ni maji yaliyotiwa rangi.

---

Kibosho_Auto (Moshi)

Mimi ningefunga feni moja kwa moja na swichi ndani. Ukiona mlima unakuja, unawasha mapema kabla joto halijapanda. Magari mengi ya huku juu yamefanyiwa hivyo na yanapanda bila shida.

---

Spana_Kumi (Arusha)

Kaka Kibosho, kwa barabara za vumbi za Kibosho na Machame juu, gari likipanda na gia ya kwanza mwendo wa kilomita 20 kwa saa, una hoja. Hapo upepo wa mwendo ni mdogo na feni inahesabika. Ila yeye anachemsha kwenye lami, Himo kwenda Marangu, mwendo wa 50 au 60. Kwenye mwendo huo upepo unaoingia mbele unaizidi feni, na feni ikishindwa kupoza kwa sababu maji hayapiti ndani, hata uifunge tatu hazitasaidia. Na swichi ya feni inaficha ugonjwa. Utakuja kuujua siku rejeta imeziba kabisa.

Kama mtu lazima aifunge, basi apitishe umeme kwenye rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa) yenye fyuzi yake. Nyaya za moja kwa moja hadi swichi ya dashibodi zinapata moto. Feni inakula ampea nyingi na swichi ndogo inayeyuka.

Njoro_Chini, ukishafanya vipimo vya gasketi, pima rejeta yenyewe. Azima kipimajoto kile cha kulenga. Panda mlima hadi mshale uanze kusogea, egesha mahali salama, acha injini ikizunguka kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, kisha upime haraka hozi ya juu, hozi ya chini, na uso wa rejeta kwa vipande. Usilenge alumini inayong'aa, kipimo kitadanganya. Lenga raba nyeusi, au bandika kipande cha soletepu nyeusi.

Matokeo yanasomwa hivi. Hozi ya chini ikiwa na moto karibu sawa na ya juu, maji yanapita lakini hayapozwi: upepo hauingii. Rejeta imeziba nje, au kondensa ya AC iliyo mbele yake imejaa vumbi na mbegu za nyasi. Hozi ya chini ikiwa baridi sana kuliko ya juu, na uso wa rejeta una madoa ya baridi, maji hayapiti: vijia vimeziba ndani, au pampu imechoka.

---

Njoro_Chini (Moshi)

Asanteni sana wakuu. Nimefanya yote, majibu haya hapa.

Hozi asubuhi: laini kabla ya kuwasha, laini baada ya dakika mbili. Mapovu: machache mwanzoni, kisha yakaisha, hata nikikanyaga mafuta. Plagi zote nne rangi moja, kahawia isiyokolea. Dawa ya bluu ilibaki bluu.

Mlimani, AC imezimwa: hozi ya juu nyuzi 102, hozi ya chini 61. Uso wa rejeta: upande wa juu 96, katikati 74, kona ya chini kulia 43, kona ya chini kushoto 58.

Mfuniko: raba yake imekauka, na vali ndogo ya katikati haisogei hata ukiivuta kwa kucha. Hauna namba inayosomeka.

Fundi alipoona dawa haijabadilika rangi, amekubali tusubiri. Sasa anasema rejeta izibuliwe kwa magadi ya kuchemsha. Nifanye hivyo au ninunue nyingine? Na pampu je, nitajuaje?

---

Usa_River_4x4 (Arusha)

Magadi hapana! Magadi yanakula alumini, na rejeta yako vijia vyake ni vyembamba mno. Utatoa ukoko na utatoa rejeta pamoja nao. Sabuni ya unga nayo iache, povu lake halitoki kwenye injini hata usuuze mara kumi.

Nyuzi 102 juu na 43 kwenye kona: hiyo rejeta robo yake nzima ya chini imekufa. Kuzibua kwa kuingiza waya kunawezekana kwenye rejeta za shaba za zamani, ambazo fundi rejeta anazibandua tanki kwa moto na kuzirudisha kwa risasi. Za alumini zenye matanki ya plastiki, kucha za kukazia tanki zinakunjuliwa na kukunjwa tena, na zikishakunjwa mara mbili zinakatika. Kwa umri wa gari lako ningenunua nyingine.

Ukinunua mtumba, mambo matatu ya kuangalia. Iwe ya otomatiki, yenye vichwa viwili vya mipira ya oili ya gia kwenye tanki la chini, maana oili ya gia yako inapozwa humo. Chungulia ndani ya shingo kwa tochi: vijia viwe safi, visiwe na ukoko mweupe wala matope ya kahawia. Halafu mwombe muuzaji aijaze maji na uimwage kwa kuigeuza: yatoke kwa kishindo, yasitoke kwa kuchuruzika. Rejeta ambayo muuzaji hataki ujaze maji, iache hapohapo.

Na oili ya gia uivute uiangalie sasa, kabla hujatoa rejeta ya zamani. Ikiwa na rangi ya pinki iliyochanganyika na maziwa, maji yameingia kwenye gia kupitia kipoza oili cha ndani ya tanki. Hiyo ni kazi nyingine na haisubiri.

---

Spana_Kumi (Arusha)

Vipimo safi kabisa, mkuu. Hedi imepona.

Pampu: kwenye 3S inazungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo imejificha nyuma ya vifuniko na huioni. Ikivuja, maji hutokea chini ya kifuniko cha taimingi na kuacha ukoko wa rangi kwenye bloku. Lakini pampu inaweza isivuje tone na bado iwe mbovu, maana mapanga yameliwa na maji ya bomba na kubaki membamba. Kwa gari lililotembea na maji ya bomba siku zote hizi, na kama hujui mkanda ulibadilishwa lini, badilisha vyote kwa pamoja: mkanda, pampu, na puli za kukazia. Mkanda wenyewe unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Kazi ya kufungua ni ileile, usilipe mara mbili. Habari njema ni kwamba 3S-FE ya kawaida mkanda ukikatika vali hazigongi pistoni, gari linazima tu. Habari njema nyingine ni vipuri: injini hii imefungwa pia kwenye Noah za SR40 na SR50, Ipsum ya kwanza, Caldina. Pampu na thermostat za 3S hazikosekani mjini. Nenda na ile ya zamani mkononi ulinganishe.

Kabla ya kufunga rejeta mpya, osha kondensa ya AC ikiwa wazi. Elekeza maji kutoka upande wa injini kwenda nje, taka zitoke zilikoingilia. Mpira wa bustani unatosha. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi, na mapezi yaliyolala yanazuia upepo kuliko hata vumbi. Angalia pia sponji nyeusi za pembeni ya rejeta na plastiki ya chini ya bampa. Mafundi wengi huzitupa wakiziona hazina kazi. Kazi yake ni kulazimisha upepo upite ndani ya rejeta. Zisipokuwepo upepo unapita pembeni na chini, na hilo linaonekana zaidi mlimani na AC ikiwa imewashwa. Kipande cha godoro la sponji kilichokatwa vizuri kinafanya kazi ileile.

Kusafisha injini: fungua koki ya rejeta na bolti ya kutolea maji iliyo pembeni ya bloku. Usipofungua ya bloku, maji machafu mengi yanabaki ndani. Weka maji yaliyochujwa, washa hadi yapate moto, hita ya ndani ikiwa kwenye moto wa mwisho, zima, acha ipoe, mwaga. Rudia hadi yatoke meupe. Thermostat iwe imetolewa wakati wa zoezi hili, kisha uifunge kabla ya kulanti.

Kulanti ichanganye kwenye ndoo safi kabla ya kumimina. Andaa lita 8, lita 4 za kulanti nzito na lita 4 za maji ya betri. Kama kuna maji yaliyobaki kwenye bloku, anza kwa kumimina kulanti nzito kidogo zaidi ili isizimuliwe. Pima ulichotoa na ulichorudisha. Vikiachana sana, kuna hewa imebaki.

Kutoa hewa: egesha pua ya gari ikiwa imeinuka, kwenye kamlima au juu ya mawe mawili imara na matairi ya nyuma yamezuiwa. Hita kwenye moto wa mwisho, AC zima. Mimina polepole huku ukikandakanda hozi ya juu kwa mkono. Washa bila mfuniko, acha izunguke hadi hozi ya chini ipate moto. Hapo thermostat imefunguka, kiwango kitashuka ghafla, ongeza. Kanyaga hadi 2,500 mara kadhaa. Hita ikitoa hewa ya moto mfululizo, na mapovu yakiisha, funga mfuniko mpya na ujaze chupa hadi alama ya juu. Kesho yake asubuhi, ikiwa baridi, fungua uangalie tena. Ikiwa chupa imeshuka kidogo na rejeta imejaa hadi shingoni, mfuniko unanyonya kama inavyotakiwa.

---

Njoro_Chini (Moshi)

Nashukuru sana. Rejeta nimeagiziwa, itachukua siku kadhaa. Swali la mwisho: Jumamosi lazima nipande Marangu na mizigo. Nifanyeje ili nisiiue injini? Na mshale ukianza kupanda, nisimame au niendelee?

---

Usa_River_4x4 (Arusha)

Mfuniko na thermostat vibadilishe kabla ya Jumamosi, hivyo havisubiri rejeta. Toka asubuhi na mapema, kabla Moshi haijapata joto. AC isiguswe. Zima O/D (gia ya juu kabisa ya otomatiki) kuanzia Himo ili gia isirukeruke, na kwenye mwinuko mkali shusha hadi 2. Injini ikizunguka kwenye 3,000 pampu inasukuma maji vizuri kuliko ikilazimishwa kwenye 1,800 na mguu chini. Punguza mizigo ukiweza, gawanya safari mbili.

Mshale wa Toyota hizi umetengenezwa ukae katikati kwa upana mkubwa wa joto. Kwa hiyo ukiuona umetoka katikati, hata kwa upana wa mshale wenyewe, joto limeshapanda sana. Usingoje nyekundu. Ukisogea tu: hita kwenye moto wa mwisho na feni ya ndani kwenye kasi ya mwisho, madirisha wazi, legeza mguu. Ukirudi, endelea taratibu. Usiporudi ndani ya dakika moja, egesha pembeni, weka N na breki ya mkono, acha injini ikizunguka kidogo juu ya sailensa (mzunguko wa gari likiwa limesimama bila kukanyaga mafuta) ili maji yatembee. Ukiendelea kupanda hata hapo, au ukiona mvuke, zima mara moja.

Mfuniko usiguse kwa nusu saa nzima angalau, na hata baada ya hapo weka kitambaa kizito na uufungue hadi kituo cha kwanza tu, usikilize pumzi itoke yote. Usimwagie injini maji ya baridi, wala usimimine maji ya baridi ndani ikiwa bado ya moto. Hedi ya alumini inapinda, na kiwango cha mpindo kinachoruhusiwa kwenye 3S ni milimita 0.05 tu. Hapo ndipo ile seti ya gasketi ya fundi itakapohitajika kweli. Beba lita 5 za maji yaliyochujwa na glavu nene.